Kutu ya Kijani kwenye Saa ya Karimi

Mdogo wangu wa kike, Karimi, alikuwa na moyo mbovu na miguu mizuri. Ninalisema hilo mapema ili mtu asije akanishangaa baadaye. Alipokuwa darasa la tatu aliugua koo, homa ikampanda, viungo vikamvimba, nasi tukamkorogea maji ya chumvi asukutue, tukadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Miaka kumi baadaye daktari mmoja wa Embu alimwekea chombo kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko mtu anavyopenda kusikilizwa, akasema mlango mmoja wa moyo haufungi sawasawa.

Na Karimi alikuwa mkimbiaji. Si mkimbiaji wa kusifiwa na mama yake tu. Alitoka kwetu Kibugu alfajiri, akapanda ile barabara ya kando ya msitu, akarudi na kuingia shambani kuchuma chai pamoja na watu waliokuwa wanatoka kitandani. Mwalimu Marete, mtu wa Muthara aliyezunguka wilaya zetu akitafuta vijana wa kufundisha mbio, alimwona mara moja tu kwenye michezo ya shule, akaandika jina lake kwa kalamu nyekundu. Wengine aliwaandika kwa ya bluu. Nilipomuuliza nyekundu ni ya nini, alisema ni ya wale ambao akiwapoteza atajilaumu.

Daktari hakumruhusu Karimi kukimbia. Alishindwa kumkataza, na hayo ni mambo mawili. Mwishowe aliandika barua ya mistari minne: anaweza kukimbia mradi mapigo ya moyo wake yasizidi mia moja na sitini kwa dakika, na awe na chombo cha kuyapima akiwa mbioni. Mwalimu Marete aliikunja barua ile, akaitia mfuko wa shati.

"Bila hiyo chombo hakuna mbio," alisema. "Mimi sitaki kuzika mtoto wa mtu."

Chombo chenyewe kilikuwa saa. Duka la vifaa vya michezo la Bwana Kiambi, mjini Meru, ndilo peke yake upande wetu wa mlima lililouza saa za namna hiyo. Ilikuwa Januari 1998. Mama alikuwa amepata bonasi ya majani chai, na badala ya kununua mabati ya jikoni, ambayo tulikuwa tumeyangoja tangu mimi niko shule, akanunua saa. Ilikuja na mkanda wa kufungwa kifuani. Mkanda unausikia moyo, saa inaonyesha namba, na namba ikifika mia moja na sitini saa inalia kama kifaranga kilichokanyagwa. Hapo Karimi anapunguza mwendo mpaka inyamaze. Basi. Kwa mlio huo alikimbia, na kwa mlio huo sisi tulilala usingizi.

Saa hiyo haikutumia betri za dukani. Nyuma yake kulikuwa na vidoti viwili vya chuma, kila kimoja kama punje ya mtama, na ukiilaza kwenye kikalio chake na kuchomeka waya ukutani, inajaa chaji ya siku saba. Kibugu hatukuwa na stima. Mimi ndiye niliyekuwa nayo, kwa kuwa nilipanga chumba Majimbo, mjini Embu, nikipiga chapa katika ofisi ya serikali. Kwa hiyo kila Jumamosi Karimi alishuka mjini, akavua saa mlangoni kabla hata ya kunisalimu, akanipa.

"Dada Nelius, hebu kapatie chakula," ndivyo alivyosema, kana kwamba ni mwanambuzi.

Tukakaa, tukanywa chai, saa ikila stima. Zile Jumamosi nazikumbuka vizuri kuliko sikukuu yoyote.

Mwezi wa tano saa ilikataa kula. Niliigeuza nikaona kidoti kimoja kimeota kutu ya kijani, ile rangi ya sarafu ya zamani iliyosahaulika mfukoni. Jasho la Karimi, na chumvi yake, vilikuwa vimepenya pale. Tulikuwa na kadi ya waranti ya mwaka mmoja, yenye muhuri wa duka, basi nikaomba ruhusa kazini nikaenda Meru. Bwana Kiambi, mzee mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kipajini, aliitazama akaguna. Akajaza fomu, akaituma Nairobi. Ilichukua wiki saba. Ikaja nyingine mpya.

Katika wiki hizo saba Mwalimu Marete hakumwacha Karimi akimbie hata hatua kumi. Alimpa saa ya mkononi ya kubonyeza, akamweka kando ya uwanja awapimie wenzake muda. Nilimkuta siku moja amesimama pale, anawaita wenzake namba kwa sauti kubwa, na machozi yanamtoka kama mtu anayekata vitunguu. Sikuwahi kumwona akilia hivyo hata baba alipokufa. Ndipo nilipojua kwamba kwake mbio si mchezo wala si njia ya kupata kazi, ingawa sisi wengine wote tulikuwa tunaiwaza ile kazi. Vilabu vya mashirika vilikuwa vinachukua wakimbiaji, vinawapa mshahara. Karimi alikuwa amemaliza kidato cha nne na mbele yake kulikuwa na chai, na nyuma ya chai kulikuwa na chai nyingine.

Saa ya pili ilidumu mpaka mwezi wa kumi. Kutu ileile, kidoti kilekile. Safari hii muda ulikuwa unatubana. Mashindano ya mkoa yalikuwa Desemba, pale Meru, na waliokuwa wanachagua wakimbiaji wa kambi ya mazoezi ya vile vilabu walikuwa wanakuja kuangalia. Karimi aliniletea saa Jumamosi, akainama kunionyesha.

"Imekufa tena," alisema. "Utapeleka Jumatatu? Nelius, si utapeleka Jumatatu?"

"Nitapeleka."

Sasa nifike kwenye lile nililolifanya.

Kwetu, ukiazima sufuria ya jirani, huirudishi na masizi. Unaisugua kwa jivu mpaka ing'ae kuliko ulivyopewa, na ndani unatia kitu, hata kama ni ndizi mbili. Mama alitulea hivyo. Nikiwa mdogo niliwahi kurudisha kikapu cha watu, kiondo, kikiwa na vumbi la viazi, akanirudisha nacho njia nzima, nikakikung'uta mbele ya mwenyewe na kumwomba radhi. Lilinikaa. Mpaka leo siwezi kumpa mtu kitu chake kikiwa kichafu. Mkono wenyewe unakataa.

Na saa ile ilikuwa chafu kweli. Ukanda umeganda chumvi, nyuma kijani, katikati ya vitufe kuna vumbi jekundu la Kibugu. Niliona aibu. Nilimwaza Bwana Kiambi akiishika, na wale watu wa Nairobi wenye makoti meupe wakiishika, wakisema hawa wa milimani ni watu gani. Basi Jumapili baada ya kanisa nilikaa kitandani nikaiosha. Ukanda kwa sabuni na mswaki. Vidoti kwa limau na ule waya wa kusugulia sufuria. Nilisugua mpaka kijani chote kikatoka, chuma kikabaki cheupe. Niliiweka kwenye kikalio ikakataa kula vilevile, maana ubovu ulikuwa umeshaingia ndani, lakini ilipendeza. Niliifunga kwa leso safi. Nikaitia kwenye kiondo pamoja na kilo mbili za njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu.

Niliridhika. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikaa nikaitazama kazi yangu nikaridhika.

Bwana Kiambi alizifurahia njahi. Aliifungua leso, akaigeuza saa mara mbili.

"Mbona iko safi hivi?"

"Sikutaka kukuletea uchafu, mzee."

"Ala," alisema, akajaza fomu.

Ilirudi wiki tatu baadaye. Hakuniletea nyingine, alinitolea ileile, ndani ya mfuko wa plastiki, na karatasi iliyopigwa chapa vizuri. Nilijua chapa nzuri nikiiona. Karatasi ilisema kwamba mafundi wameona mikwaruzo kwenye sehemu ya kuchajia, kwamba mteja ameichokonoa saa kwa kitu kigumu, kwamba hakuna dalili ya kutu iliyotokana na kasoro ya kiwandani, na kwa hiyo waranti imebatilika.

"Lakini kulikuwa na kutu!" nilisema. "Wewe mwenyewe uliona ile ya kwanza!"

"Ile ya kwanza, ndio. Ilikuja na kutu yake." Bwana Kiambi aliivua miwani ya puani, akaishusha ya kipajini. "Madam, sasa hii ungeileta tu vile ilikuwa. Hawa watu hawataki usafi, wanataka kuona ile kutu. Wewe umeitoa yote ukaleta mikwaruzo. Mimi nimekula njahi zako, siwezi kukudanganya. Hapa hakuna kitu nitafanya."

Nilimwomba kadi ile niisome mwenyewe. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, iliandikwa kwamba waranti haihusu uharibifu wa maji ya chumvi wala jasho jingi. Saa ya mkimbiaji isiyotaka jasho! Ni kama kuuziwa jembe na kuambiwa usiliguse udongo. Nilimwambia hivyo kwa sauti, wateja wakageuka. Nilisema mengi siku ile, mengine hayakuwa ya mtu wa kwaya. Mzee alinipa nafasi ya kumaliza, na nilipomaliza saa ilikuwa bado imekufa. Ya kununua nyingine hatukuwa na namna. Bonasi ilikuwa imeshaliwa na hiyo.

Karimi nilimwambia kweli. Nilimwambia kuhusu limau na waya. Nilitarajia anipigie kelele, na ningeshukuru. Alikaa kwenye kigoda changu akiigeuzageuza ile saa safi.

"Ulikuwa unafanya vizuri," alisema hatimaye.

"Karimi."

"Hata mama angeiosha. Hata mimi." Akaivaa mkononi, kioo kikiwa kitupu. "Nelius, mimi najua moyo yangu. Miezi hii yote nimekuwa nikisikia ile saa ikilia, na kabla ilie mimi nishajua itakaribia kulia. Sihitaji kuambiwa."

"Mwalimu hatakubali."

"Mwalimu haoni kioo kutoka kule anasimama."

Sikujibu. Ninajitetea sana moyoni juu ya mambo mengi, lakini hapa sijapata utetezi: sikujibu kwa sababu nilitaka awe anasema kweli. Kama anaujua moyo wake mwenyewe, basi mimi sikuharibu kitu.

Wiki zilizobaki Karimi alifanya mazoezi peke yake kwetu Kibugu, mbali na macho ya mwalimu. Siku ya mashindano ilikuwa na jua kali, anga jeupe. Uwanja wa Meru ulijaa watoto wa shule na wauza miwa. Karimi alikuwa amefunga mkanda kifuani na kuvaa saa, na juu yake fulana ya mikono mirefu iliyomfikia viganjani. Tulipokuwa tunashuka kwenda kwenye mstari, Mwalimu Marete alitusimamisha. Aligonga mfuko wa shati lake, mle ilimokaa ile barua, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kila mbio.

"Saa iko?"

Karimi aliinua mkono, saa ikajichora chini ya kitambaa.

"Inafanya kazi? Nilisikia ilikuwa imerudishwa Nairobi."

Karimi alinitazama mimi. Mwalimu naye akafuata macho yake, akanitazama. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyekuwa ninaishughulikia ile saa, mimi ni mtu wa ofisi na wa kwaya.

"Inafanya, mwalimu," nilisema. "Walituletea ingine."

Akatabasamu. Akamwambia Karimi aende.

Zilikuwa mita elfu tano, mizunguko kumi na miwili na nusu. Mizunguko minane ya kwanza Karimi alikimbia nyuma ya kundi, mabega yamelegea, na nilianza kupumua. Wa tisa alivuta fulana ile, akaupandisha mkono wa nguo, akaangalia saa.

Aliiangalia kabisa. Alifanya vile alivyozoea, akatupa jicho kwenye kioo ambacho hakikuwa na namba, akaurudisha mkono. Sijui alitaka kuona nini. Labda alikuwa anamdanganya mwalimu. Labda alianza kuogopa, akatafuta mtu wa kumwambia apunguze, akakuta hapana mtu. Nimejiuliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Akaongeza mwendo. Wa kumi alikuwa wa nne, wa kumi na moja wa pili. Watoto wa shule walipiga kelele. Mimi nilisimama, nikasikia mdomo wangu unasema punguza, punguza, lakini ni nani angenisikia. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Karimi aliweka kiganja juu ya kifua kana kwamba anatafuta kitu mfukoni. Alitoka kwenye njia, akaingia majanini polepole kwa adabu, asiwazuie wenzake. Akaketi. Kisha akalala.

Mwalimu Marete alifika kabla yangu. Nilipofika alikuwa amepiga magoti, ameushika mkono wa Karimi, na kidole gumba chake kinabonyeza kitufe cha saa. Alibonyeza. Akabonyeza tena. Akainua uso akanitazama, na sijaona mpaka leo uso wa mtu uliozeeka haraka hivyo.

Hakufika hospitali akiwa hai.

Tulimzika Kibugu wiki moja kabla ya Krismasi, kwenye mteremko wa chini ya chai. Mwalimu Marete aliombwa aseme maneno machache. Alisimama mbele ya mama, mbele ya mchungaji na kijiji chote, akaitoa ile barua ya daktari mfukoni, akasema kosa ni lake. Alisema alipaswa kuitazama saa kwa macho yake mwenyewe, na hakuitazama. Alisema hatafundisha mtoto mwingine. Watu walimwonea huruma. Mama, mama yangu, alienda akamshika mkono na kumwambia asijilaumu.

Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na kitambaa mdomoni. Mwalimu hakunitaja. Alinipa nafasi, aliikunja ile barua polepole pale mwishoni, na najua alikuwa ananingoja mimi. Sikusimama.

Vitu vya Karimi tulirudishiwa ndani ya mfuko: raba, mkanda, fulana, saa. Mama aliviweka kwenye sanduku lake la shule, chini ya kitanda.

Februari nikapata ujumbe ofisini kutoka kwa Bwana Kiambi, ulioandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na kwa furaha tupu. Watengenezaji walikuwa wameandika kwamba saa zote za aina ile zilikuwa na kasoro. Chuma cha vidoti hakikufaa. Kila mwenye nayo atabadilishiwa bure, hata aliyekataliwa mwanzo, hata iliyochokonolewa. Saa mpya, yenye vidoti visivyoshika kutu, ilikuwa imeshafika dukani kwa jina la Karimi. Sharti lilikuwa moja, kwamba ile ya zamani irudishwe. Mwishoni aliandika: "Mwambie huyo msichana akimbie sasa bila wasiwasi." Habari hazikuwa zimemfikia.

Nilikaa na karatasi hiyo siku tatu. Jumamosi nikapanda Kibugu.

Mama nilimkuta uani anapeta maharagwe. Nilimsomea ujumbe kwa sababu sikujua la kufanya nao. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo magotini.

"Basi turudishe ya watu," alisema. "Hiyo mpya hatuitaki, wampe mtoto mwingine. Lakini hii ni mali ya watu na wameiitisha."

Aliingia ndani, nikasikia sanduku likiburutwa. Akatoka na saa mkononi. Sikuwa nimeiona tangu ile siku uwanjani. Ukanda ulikuwa umekauka na mistari myeupe ya chumvi, mmoja juu ya mwingine, jasho la mizunguko kumi na moja na nusu. Aliigeuza. Pale nyuma, kwenye chuma nilichokisugua kikawa cheupe, kijani kilikuwa kimeota upya.

Mama alikunja uso. Akaenda jikoni, akarudi na jivu kwenye kibakuli na kitambaa kilicholowa maji. Aliketi, akaiweka saa pajani.

"Kitu cha watu hakiwezi kurudi hivi," alisema, akachovya kitambaa kwenye jivu.

"Mama, usiioshe."

Niliushika mkono wake. Niliushika kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, jivu likamwagika kwenye maharagwe. Alinitazama, kisha akaitazama saa, kisha mimi tena.

"Ni jasho lake," nilisema. "Ndilo limebaki."

"Najua ni jasho lake. Nani amekuambia sijui?" Hakuwa amekasirika. Lakini hakukitua kitambaa. "Nelius, kuna nini na hii saa? Tangu tuzike hujaweza kuingia kile chumba ina sanduku. Mwalimu alisema hakuiangalia. Nani aliiangalia?"

Jirani yetu mmoja alipita nje ya ua, akasalimu, mama akaitikia bila kugeuka. Alikuwa ananingoja. Hakukuwa na mahali pengine pa kwenda, wala mtu mwingine wa kusimama mbele yangu na kusema kosa ni lake.

Niliketi chini karibu na miguu yake, nikaichukua saa nikaifumbata, chumvi yake ikinikwaruza kiganja. Nikaanza na limau.